Kaburi la mhunzi asiyeonekana: wikendi ndefu juu ya Ridgeway

Ijumaa

Jumatatu ni sikukuu ya benki huku Uingereza, kwa hiyo nikaona badala ya kujifungia ghetto London bora nichukue treni Paddington niende kwa dada Swindon, na nikamwambia shemeji kabisa kwenye simu, shem safari hii sitaki kukaa sebuleni kuangalia mpira, nataka unipeleke kwenye makaburi. Akacheka. Akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia waliofariki ni wa miaka elfu tano na ushee huko nyuma, akasema haya, wewe mafuta tu.

Kutoka stesheni tukaenda moja kwa moja Avebury, nusu saa hivi kwa gari. Avebury nitaipita haraka maana kila mtu anaijua, ni duara la mawe kubwa mno, kijiji kimejengwa humohumo ndani na barabara ya lami inakatiza katikati, kondoo wanajikuna kwenye mawe ambayo kwingine yangewekewa kamba na walinzi. Kitu kimoja tu nitakitaja: mwaka 1938 mwanaakiolojia Alexander Keiller alipokuwa anasimamisha mawe yaliyoangushwa alikuta chini ya jiwe moja mifupa ya mwanaume akiwa na mkasi na sarafu za miaka ya 1320, wakamwita kinyozi. Yaani enzi hizo wanakijiji walikuwa wanayaangusha haya mawe na kuyafukia, na jamaa akaishia hukohuko.

Mimi nilichokuwa nakitaka ni West Kennet. Unaacha gari pembeni ya barabara, unavuka kimto, unapanda shamba la ngano taratibu na nyuma yako unaiona Silbury, kile kilima cha kutengenezwa kwa mikono. Watu walisema humo amezikwa mfalme Sil juu ya farasi wake na dhahabu tele. Mwaka 1776 wakachimba kutoka juu, 1849 wakachimba kwa ubavuni, 1968 hadi 1970 wakachimba tena mpaka BBC wakaja na kamera, dhahabu hakuna, mfalme hakuna, farasi hakuna. Udongo na chaki tu. Shemeji akasema hao walipigwa na story ya bar.

West Kennet yenyewe ni tuta refu kama mita 100, mbele limezibwa na mawe makubwa yaliyosimama, unapita pembeni yake unaingia ndani. Lilijengwa karibu mwaka 3650 KK, piramidi za Giza zilikuwa bado miaka elfu moja na zaidi. Kuna vyumba vitano, viwili kulia viwili kushoto na kimoja mwisho, na humo walilala watu zaidi ya thelathini, wakubwa kwa wadogo. Ndani kuna baridi ya simenti mbichi na masizi ya mishumaa ukutani, mtu alikuwa ameacha maua ya njano kwenye kona yameshanyauka. Wenyeji wanasema siku jua linapofika kilele cha kiangazi, alfajiri, anaonekana mtu wa mavazi meupe anaingia humo akifuatwa na mbwa mkubwa mweupe mwenye masikio mekundu. Kwa nini masikio mekundu hakuna anayekuambia.

Na kuna huyu bwana, Daktari Toope wa Marlborough, karne ya 17. Huyu alisikia kuna mifupa ya watu imefukuliwa kule kilima cha Overton jirani tu na hapa, akaenda akajizolea magunia, akasaga akatengenezea dawa na akaandika kwa fahari kabisa kwamba imewasaidia majirani zake wengi. Tuta la West Kennet nalo halikupona mikononi mwake, alilichimba likaharibika. Halafu ndio haohao baadaye wakaja kwetu kuandika ripoti kwamba Waafrika wana ushirikina wa mifupa. Tuliache hilo.

Usiku dada kapika wali maharage na samaki wa kukaanga, nimelala kama gogo.

Jumamosi

Leo ndio siku yenyewe. Wayland's Smithy, yaani karakana ya Wayland, na Wayland ni mhunzi wa hadithi za kale.

Tumekwenda na mpwa wangu, ana miaka tisa, kabeba biskuti na tochi. Tukapita kijiji cha Ashbury, nyumba za mawe ya chaki na mapaa ya nyasi, tukapanda kilima mpaka barabara inapokutana na Ridgeway tukaegesha hapo. Ridgeway ni njia ya miguu ya zamani sana inayopita mgongoni mwa vilima, siku hizi imepimwa kama njia ya kitaifa, maili 87 kutoka Overton Hill mpaka Ivinghoe Beacon. Sisi tulitaka kama kilomita moja tu. Ila usiku mvua ilinyesha, na chaki ikilowa mjomba ni balaa, inashika viatu kama ugali uliokosa maji, kila hatua unaongezeka urefu, raba zangu nyeusi zikawa nyeupe na mpwa akawa anacheka tu maana yeye mama yake kamvalisha mabuti ya mvua.

Kaburi lipo kushoto ndani ya duara la miti mirefu ya biichi. Ukitoka kwenye upepo wa shambani ukaingia kwenye ile miti kelele zote zinakatika, unasikia ndege na majani basi. Mbele kabisa yamesimama mawe manne, marefu kuliko mtu, kubwa lake linafika mita tatu, aina ya jiwe wanaita sarsen, la kijivu lenye matundu matundu na ukungu wa manjano. Katikati yake ndio mlango. Nyuma ya mawe tuta linakwenda kama mita 56 likizidi kuwa jembamba, limezungushiwa mawe madogo pembeni, nyasi juu.

Nimeingia kwa kuinama. Kuna ujia mfupi halafu vyumba, kimoja kushoto, kimoja kulia na kimoja mbele, kama msalaba. Nikawasha tochi ya mpwa na nikaanza kuangalia kuta kwa karibu na hapo ndio nikaziona: sarafu. Kila ufa wa jiwe umechomekwa sarafu, senti mbili mbili za shaba zimeshageuka kijani, senti kumi, moja ya euro, nyingine zimepigwa mpaka zimepinda zisitoke. Mpwa akaniuliza, "Anko, hizi ni za nani?" Nikamwambia za fundi. "Fundi yuko wapi?" Hapo sasa ndio pa kukaa chini tumpe story, tukatoka nje tukakaa kwenye nyasi tukafungua biskuti.

Story yenyewe ni hii, iliandikwa mwaka 1738 na bwana mmoja Francis Wise ambaye aliisikia kwa wanakijiji wa hapa. Kama unasafiri Ridgeway na farasi wako amepoteza kiatu cha chuma, mlete hapa mawe yalipo, mfunge, weka pesa juu ya jiwe halafu ondoka, kaa mbali kidogo. Ukirudi utakuta pesa haipo na farasi ana kiatu kipya. Ndivyo ilivyo, hakuna zaidi. Hakuna aliyemwona fundi, hakuna maongezi ya bei.

Na alikuwa na kijana wa kazi, kibwengo mtundu anaitwa Flibbertigibbet. Siku moja Wayland akamtuma misumari bondeni, kijana akaenda kutafuta viota vya ndege badala ya misumari, Wayland kwa hasira akanyanyua jiwe akamtupia kutoka huku juu, likampata kisiginoni. Kijana akakaa chini akalia, na mahali pale mpaka leo panaitwa Snivelling Corner, kona ya kulia makamasi, na jiwe lenyewe lipo. Mpwa alipenda hii kuliko zote. Akataka turudie sehemu ya jiwe.

Mimi wakati namsimulia nilikuwa nafikiria kwetu. Sisi ni watu wa Ugweno, Upareni, na kule wahunzi ni ukoo, Washana, wazee wanasema hata utawala ulikuwa wao kabla Wasuya hawajauchukua. Bibi alikuwa anatukataza watoto kuigusa nyundo ya mhunzi hata ikiwa imelala tu uani, laana ya mhunzi haina dawa. Mtu anayechukua jiwe jekundu la mlimani anakupa jembe huyo si mtu wa kumzoea. Kwa hiyo habari ya kuweka pesa na kuondoka mimi haikunishangaza hata kidogo, ilinishangaza tu kuikuta Oxfordshire.

Ila sasa. Ukisoma waliochimba walikuta nini, unaona hii story haina uhusiano wowote na wenye kaburi. Chini ya hili tuta tunaloliona kuna lingine dogo la zamani zaidi, la karibu mwaka 3590 mpaka 3550 KK: sakafu ya mawe, magogo makubwa yaliyopasuliwa yamesimamishwa huku na huku, na katikati wamelazwa watu 14, wanaume 11, wanawake wawili na mtoto mmoja. Wanaakiolojia Atkinson na Piggott ndio waliowafukua 1962 na 1963. Kati yao watatu inaonekana walikufa kwa mishale, mmoja ncha ya mshale wa gumegume imebaki imekwama kwenye mfupa wa nyonga. Wawili miili yao iliguguniwa na mbwa au mbwamwitu kabla ya kuzikwa, yaani ililala nje. Na vipimo vilivyotoka 2007 vinaonyesha wote walizikwa ndani ya muda mfupi, pengine miaka 15 tu haifiki, inawezekana hata tukio moja. Hii si makaburi ya ukoo yaliyojaa pole pole vizazi kwa vizazi. Kuna watu walivamiwa hapa.

Halafu wakaja wengine, kati ya 3460 na 3400 KK, wakajenga juu yao hili kubwa la mawe tunaloliona. Wakazika watu wachache na wao. Halafu kimya, miaka na miaka. Chuma chenyewe Uingereza kilifika karibu mwaka 800 KK, yaani hawa wote walikufa bila kujua chuma ni nini. Waliochimba 1919 na 1920 walikuta vipande viwili vya chuma bapa hapa nje, vya zama za chuma, watu wengine wakasema aa ndio ushahidi wa mhunzi, lakini vimewekwa maelfu ya miaka baada ya mazishi. Na jina la Wayland lilikuja na Wasaksoni, wale wahamiaji kutoka upande wa Ujerumani, limeandikwa kwa mara ya kwanza kwenye hati ya ardhi ya mfalme Eadred ya mwaka 955 kama alama ya mpaka tu, shamba la fulani linaishia kwenye karakana ya Welandi.

Kwa hiyo fundi ni mpangaji. Kakuta nyumba, wenyewe wamekufa na hakuna aliyewakumbuka, kajitwalia. Wale kumi na wanne na mishale yao hawana hata hadithi moja, hakuna wimbo, hakuna hata mzimu wa uongo, sarafu zote zile ni za fundi. Hili limenikaa kifuani mchana kutwa.

Alipita mzee mmoja na mbwa wake, mwenyeji wa bonde la huku, tukamsalimia akasimama. Nikamuuliza kama anaamini. Akasema yeye haamini ila mke wake aliwahi kumkataza asile sandwichi humo ndani. Akaangalia zile sarafu akatikisa kichwa, akasema zinapasua jiwe na kuna watu wanakuja kuzitoa kila mara, wakimaliza watalii wanachomeka zingine. Nami nikamwambia mpwa arudishe senti yake mfukoni, akanuna mpaka kwenye gari.

Jumapili

Asubuhi dada kaenda kanisani na shemeji, mimi na mpwa tumeshushwa paking ya White Horse Hill na tukaambiwa saa nane tutafuatwa. Baridi, ingawa ni Mei, upepo huku juu haujui kalenda.

Farasi mweupe wa Uffington ana urefu wa mita 110, ni mitaro iliyochimbwa kwenye nyasi ikajazwa chaki nyeupe, mistari michache tu, shingo, mgongo, miguu miwili imeachana na mwili, mdomo kama wa ndege. Vipimo vya miaka ya 1990 vimemweka kati ya 1380 na 550 KK. Ukiwa juu yake humuoni, unaona vipande, hapa sikio pale mkia, mpwa alilalamika kwamba ni barabara tu. Kumwona vizuri lazima uwe chini bondeni au angani, mpaka wakati wa vita kuu ya pili walimfunika ili ndege za Wajerumani zisimtumie kujua ziko wapi.

Na huyu farasi asipopaliliwa anapotea, nyasi zinammeza. Kwa hiyo kwa karibu miaka elfu tatu kila kizazi kuna watu wamepanda huku na majembe kumsafisha. Siku hizi ni watu wa kujitolea, wanapiga magoti na nyundo wanapondaponda chaki mpya juu ya ya zamani. Zamani ilikuwa sherehe kabisa, wanakunywa, wanacheza mieleka, wanaviringisha jibini kubwa mteremkoni na vijana wanaikimbilia wanavunjika miguu.

Hapa ndio hadithi zinaunganishwa: farasi huyu kila baada ya miaka mia moja anainuka usiku anatembea Ridgeway mpaka kwa Wayland kupigwa viatu vipya, halafu anarudi. Si mbali, kama kilomita mbili na nusu. Bonde lenye mikunjo chini yake ndio hori lake la kulia. Na pale chini kuna kilima kidogo kimekatwa juu kama meza, Dragon Hill, wanasema hapo ndipo Mtakatifu George alimuua joka, na kuna sehemu tupu ya chaki ambapo damu ya joka ilimwagika nyasi hazioti. Tulishuka tukapanda, kweli haioti. Mpwa akasema ni kwa sababu kila mtu anapanda kuja kuangalia kama haioti. Mtoto wa siku hizi humuwezi.

Shemeji alipotufuata nikamwomba tupitie Wantage maana si mbali na kuna kitu nataka kukiona sokoni. Ni sanamu ya mfalme Alfred, ipo hapo tangu 1877, ameshika shoka mkono mmoja na karatasi mkono mwingine, maana alizaliwa Wantage mwaka 849. Kwa nini Alfred? Kwa sababu kuna kitabu cha Kilatini cha Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza cha kale, na tafsiri hiyo tangu zamani inahesabiwa ni yake, na pale Boethius anapouliza iko wapi sasa mifupa ya Mroma mmoja mashuhuri anaitwa Fabricius, tafsiri inamtoa Fabricius na kuuliza: iko wapi sasa mifupa ya Welandi, yule sonara mwenye hekima? Mtu aliyezaliwa mwendo wa nusu siku kutoka kwenye lile kaburi. Shemeji akasema labda alikuwa ameshaenda akaingia na tochi hakuona kitu. Tukanunua chipsi tukarudi.

Jumatatu

Nimerudi London na treni ya asubuhi, na badala ya kwenda nyumbani nimekwenda na begi langu British Museum. Nilikuwa namtafuta Wayland mwenyewe.

Yupo chumba namba 41, kwenye kasha dogo la mfupa wa nyangumi linaloitwa Franks Casket, la mwanzoni mwa karne ya nane, kaskazini ya Uingereza. Dogo kweli, unaweza kulibeba kwa mkono mmoja, na watu wanalipita wakikimbilia kofia ya vita ya Sutton Hoo, ile maarufu ya Wasaksoni. Limechongwa kila upande na maandishi ya runi, herufi za kale za huko kaskazini, pembeni. Lilikuwa Ufaransa kwa familia moja huko Auzon wanawekea sindano na nyuzi, mpaka mtu akang'oa bawaba za fedha likasambaratika, baadaye Augustus Franks, mtunzaji wa makumbusho haya, akalinunua akalitoa zawadi kwa makumbusho mwaka 1867.

Upande wa mbele, kushoto, ndio yeye. Na hapa hakuna senti juu ya jiwe. Hii ni story ya awali ambayo wale wanakijiji wa 1738 walikuwa wameshaisahau: mfalme alimteka Wayland kwa sababu ya ufundi wake, akamkata mishipa ya miguu asiweze kukimbia, akamfungia kisiwani amfulie mapambo bure. Kwenye kasha unaona mguu wake umepinda. Chini ya fuawe kuna mwili hauna kichwa, huyo ni mtoto wa mfalme. Mkono mmoja ameshika koleo na kwenye koleo kuna kichwa, mkono mwingine anampa kikombe binti wa mfalme, na kikombe kimetengenezwa kwa fuvu la kaka yake. Binti atalewa, atapata mimba. Kulia kidogo kuna mtu anawakaba ndege shingo, hayo manyoya ni ya mabawa, na kwa mabawa hayo fundi ataruka aondoke. Ubavuni kwa hii picha, kwenye kipande hichohicho cha mfupa, mamajusi wanamletea mtoto Yesu zawadi. Mchongaji hakuona tatizo.

Nimesimama pale muda mrefu mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Yaani kile kimya cha karakana, weka pesa ondoka usitazame nyuma, ghafla kina sababu. Huyu si fundi mwenye aibu. Ni mtu aliyefanyishwa kazi bila kulipwa na akalipiza kwa watoto wa mwajiri, ningekuwa mimi na farasi wangu ningeweka hela kamili na chenji nisidai.

Nikapiga picha nikairusha kwenye grupu la familia. Dada akaandika toa hayo mavichwa mtoto anaangalia. Shemeji akaandika, sasa shem wale 14 wa chini nao picha yao ipo wapi? Nikamjibu haipo.

Kwa anayetaka kwenda: makumbusho bure, kaburi bure, hakuna geti la tiketi, buti za mvua lazima. Na ubavu wa kulia wa kasha pale London ni nakala, wa asili uko Firenze kwenye makumbusho ya Bargello, nauli nimeanza kuangalia ila za kiangazi zimechangamka, nitasubiri Oktoba.